Wareno na Miji ya Waswahili, 1498–1729: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, na watu wanaozuru Fort Jesus au mnara wa Malindi, na wengi waliosoma shuleni kwamba "Vasco da Gama alikuja" bila kuambiwa alimkuta nani. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi. Penye jibu linalotegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Wareno walifika lini kwa mara ya kwanza?

Mwanzoni mwa 1498. Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon tarehe 8 Julai 1497 akiwa na meli nne, akaizunguka Rasi ya Tumaini Jema mwezi Novemba, kisha akaifuata pwani kuelekea kaskazini. Tarehe 2 Machi 1498 alikuwa Kisiwa cha Msumbiji, tarehe 7 Aprili nje ya bandari ya Mombasa, na wiki moja baadaye Malindi. Kilwa, mji mashuhuri kuliko yote kusini, aliukosa safari hiyo kwa sababu upepo na mkondo wa maji vilimpitiliza.

2. Walikuwa wakitafuta nini?

Viungo, kwanza kabisa. Pilipili manga, mdalasini na karafuu vilifika Ulaya kupitia Bahari ya Shamu, Misri na Venice, na kila mkono uliovipitisha ulijiongezea faida yake. Wafalme wa Ureno walitaka kuvifuata wenyewe vilikotoka. Bartolomeu Dias alikuwa ameshaizunguka rasi ya kusini mwaka 1488, na mpelelezi Pêro da Covilhã alikuwa ametumwa kupita nchi kavu. Alifika Bara Hindi na hata Sofala, bandari ya kusini iliyo Msumbiji ya leo, akakusanya habari za biashara ya bahari hii kabla da Gama hajaiona.

Pili, dhahabu. Ilichimbwa bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala na kupita mikononi mwa Kilwa.

Tatu, walikuwa wakimtafuta mfalme Mkristo wa mashariki waliyemwita Prester John, wakitumaini awe mshirika wao dhidi ya Waislamu. Tumaini hilo lilikuwa na nguvu kiasi kwamba walipowaona Wahindu Mombasa na Malindi waliwahesabu kuwa Wakristo. Ukisoma kumbukumbu za safari yao bila kulijua jambo hili, utadhani miji yetu ilijaa makanisa.

3. Je, ni sahihi kusema Vasco da Gama aliigundua pwani ya Afrika Mashariki?

Hapana, na naona ni vizuri walimu waache kulisema. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na akaihesabu Kilwa miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona. Wakati huo Kilwa ilikuwa na jumba la Husuni Kubwa, msikiti mkuu wa mawe ya matumbawe, na sarafu zake yenyewe za shaba zenye majina ya masultani. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, na miaka michache baadaye majahazi ya Zheng He yalifika hadi pwani hii. Wafanyabiashara wa Gujarat, Hadhramaut, Oman na Uajemi walikuwa wakija na upepo wa kaskazi na kurudi na upepo wa kusi kwa karne nyingi.

Da Gama alipofika Kisiwa cha Msumbiji, aliwakuta watu wamevaa vitambaa vya kitani na pamba vilivyotariziwa kwa hariri na dhahabu, na mabaharia wenye dira na ramani za bahari. Alichokipata kwa niaba ya Ureno ni njia ya baharini kutoka Ulaya hadi Bara Hindi. Hilo ni jambo kubwa, wala halina haja ya kupunguzwa. Lakini sehemu ya mwisho ya njia hiyo ilijulikana na kupitwa kila mwaka, na yeye aliipita kwa kuongozwa (tazama swali la 8).

4. Je, walikuwa Wazungu wa kwanza kufika?

Si lazima. Karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alieleza bandari za pwani hii, ukiwemo mji wa Rhapta ambao mahali pake hasa bado panatafutwa. Marco Polo naye aliiandika Zanzibar kwa kusimuliwa tu, bila kufika. Na da Covilhã, kama tulivyoona, alitangulia. Da Gama ndiye wa kwanza kuja na meli za kivita kutoka Ulaya, na tofauti iliyoleta mabadiliko ni hiyo.

## Wiki nane za 1498

5. Nini kilitokea Kisiwa cha Msumbiji?

Mwanzoni walikaribishwa, kwa sababu wenyeji waliwadhania kuwa Waislamu wenzao kutoka mbali, pengine Waturuki. Sultani alipanda melini, akala nao, akaahidi marubani wawili. Zawadi alizopewa zilikuwa kofia, mavazi na shanga za marijani. Alizidharau, akauliza kama hawakuwa na kitambaa chekundu cha maana. Mtu aliyezoea hariri ya China hakuona fahari katika kofia.

Ilipobainika kuwa wageni ni Wakristo, hali ikaharibika. Ugomvi ukazuka juu ya maji ya kunywa, na Wareno wakaupiga mji kwa mizinga ili wayapate. Wakiwa njiani kuelekea kaskazini walimchapa viboko rubani wa huko kwa kuwa alivitaja visiwa kuwa ni bara, na kimoja cha visiwa hivyo wakakiita Kisiwa cha Aliyechapwa. Habari za namna hii hutangulia meli. Swali linalofuata lisomwe pamoja na hili.

6. Kwa nini Mombasa iliwapokea kwa uadui?

Vitabu vingi husema Mombasa "ilikuwa na hila" na Malindi "ilikuwa na ukarimu". Hayo ni maneno ya Wareno wenyewe, yamenakiliwa hadi yakageuka historia. Tuyatazame mambo kwa mpangilio wake.

Da Gama alifika tarehe 7 Aprili, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi, meli zake zimepambwa bendera. Hakuingia bandarini. Sultani wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa mengi, ndimu na miwa, pamoja na pete iwe ahadi ya amani. Da Gama akajibu kwa kamba ya marijani. Watu wake wawili waliteremka, wakatembezwa mjini na kurudi salama. Mwandishi wa safari ameandika pia kwamba wagonjwa wote wa meli zile walipona hapo, naye akaishukuru hali nzuri ya hewa. Leo tunajua kiseyeye, ugonjwa uliokuwa ukiwapata, hutibiwa na vitamini C, kwa hiyo machungwa ya Mombasa yanastahili shukrani hiyo.

Tarehe 10 Aprili, meli zilipojaribu kuingia bandarini, meli ya da Gama ilikosa kugeuka vizuri na safari ya kuingia ikasimamishwa. Hapo marubani wa Msumbiji wakajitupa majini na kutoroka. Usiku huo da Gama aliwahoji mateka wawili kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka mwilini, hadi wakasema kuna mpango wa kulipiza kisasi cha Msumbiji. Baadaye usiku uleule waogeleaji walikuja kimyakimya kukata kamba za nanga, wakafukuzwa.

Je, mpango ulikuwepo? Huenda ulikuwepo. Mombasa ilikuwa na kila sababu ya kutaka kuwazuia watu waliokwisha kuupiga mji wa jirani kwa mizinga. Lakini ungamo lililotolewa kwa mafuta ya moto si ushahidi wa kuaminika, na jaribio la kukata kamba lilitokea baada ya mateso hayo. Mpangilio huo wa matukio haupaswi kuachwa nje ya masimulizi.

7. Na Malindi, kwa nini iliwakaribisha?

Kwa sababu ya Mombasa. Miji hii miwili ilikuwa ikishindania biashara ya kaskazini, na Mombasa ilikuwa na bandari bora na nguvu zaidi. Sultani wa Malindi alipowaona wageni wenye mizinga ambao jirani yake amewakosa, aliiona nafasi.

Wareno hawakuja Malindi kwa adabu. Asubuhi ya kuwasili waliiteka mashua yenye watu 17, akiwemo mzee mmoja na mkewe. Ni mzee huyo aliyeachwa kwenye fungu la mchanga ili apeleke ujumbe kwa Sultani. Mazungumzo yakafunguka kutoka hapo. Da Gama alikataa kuteremka nchi kavu akisema bwana wake hakumruhusu, hivyo wakakutana majini, chombo kwa chombo.

Sultani alikuja amevaa joho la hariri lenye pindo la kijani na kilemba cha thamani, ameketi juu ya kiti cha shaba chenye mito, chini ya mwavuli wa satini nyekundu. Kando yake alisimama mzee mwenye upanga mfupi wa ala ya fedha. Kulikuwa na wapiga tarumbeta, na siwa mbili za pembe za ndovu zilizochongwa kwa ustadi, urefu wake kama mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Anayezijua siwa za Lamu na Pate ataitambua mara moja heshima iliyokuwa ikionyeshwa. Ule ulikuwa mkutano wa dola mbili, na kila upande ulijua unataka nini. Da Gama aliwaachilia mateka, akakaa siku tisa za sherehe, na tarehe 24 Aprili akaondoka akiwa na rubani.

8. Je, rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid?

Hadithi hii imeenea sana, hasa Oman na nchi za Ghuba, lakini wanahistoria wengi leo hawaikubali. Ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, alikuwa bingwa mkubwa wa elimu ya bahari na mwandishi wa vitabu vya unahodha. Mwaka 1498 alikuwa mzee, na kumbukumbu za Wareno wa safari ile hazimtaji. Zinamtaja mtu wa Gujarat, ambaye mwandishi wa baadaye, João de Barros, anampa jina Malemo Caná. Anayemtaja Ibn Majid ni mwandishi wa Makka wa karne ya 16, aliyedai kwamba Wareno walimlevya. Kwa maoni yangu, kumwondolea Ibn Majid lawama hii ni haki tu.

La muhimu kwa swali la 3 ni kwamba rubani alipewa Malindi, naye alijua kazi yake. Kusi ilikuwa inaanza, na meli zilivuka hadi karibu na Calicut, India, kufikia tarehe 20 Mei, chini ya mwezi mmoja.

9. Kwa nini safari ya kurudi iliwatesa hivyo?

Waliondoka India mapema Oktoba, kabla kaskazi haijatulia, na uvukaji uleule ukachukua karibu miezi mitatu. Watu 30 walikufa kwa kiseyeye, na kila meli ikabaki na mabaharia saba au nane wenye uwezo wa kufanya kazi. Walipoiona Mogadishu mwanzoni mwa Januari 1499 waliipiga mizinga wakaendelea hadi Malindi, ambako walipewa tena machungwa. Kwa kukosa mabaharia waliiteketeza meli ya São Rafael karibu na Mtangata, kusini mwa Tanga. Baharia yeyote wa pwani angeweza kuwaambia kwamba Oktoba si mwezi wa kuvuka.

## Kutoka wageni hadi watoza kodi

10. Kilwa ilianguka vipi?

Kwa hatua tatu. Mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral alifika akitaka mkataba wa biashara, na Sultani Ibrahim hakukubali. Mwaka 1502 da Gama alirudi na kundi kubwa la meli na kutishia kuuteketeza mji, akatoza kodi ya dhahabu ya kila mwaka. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliingia na jeshi, Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa, na Wareno wakamtawaza Muhammad Ankoni na kujenga ngome. Ankoni aliuawa mwaka uliofuata. Biashara ya dhahabu ikakatika kwa sababu Wareno walikuwa wamejenga ngome nyingine Sofala kwenyewe, na kufikia 1512 walikuwa wameiacha ngome ya Kilwa. Waliubana mji hadi ukawa hauna cha kubanwa.

Watu huuliza dhahabu ya 1502 ilikwenda wapi. Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe chombo cha ibada kinachoitwa Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506 kwa kazi ya sonara Gil Vicente. Kipo hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kale mjini Lisbon. Ningependa kila mwanafunzi wa Kilwa Masoko ajue kwamba kipo, na dhahabu yake ilitoka wapi.

11. Nini hasa kilitokea Mombasa mwaka 1505?

Almeida aliufikia mji mwezi Agosti, akitoka Kilwa. Mombasa ilijitayarisha. Wapiga mishale walikusanywa kutoka bara, na ngomeni kulikuwa na mizinga iliyoopolewa kwenye meli ya Wareno iliyokuwa imezama. Wareno walichoma nyumba za makuti, moto ukaenea usiku kucha, na asubuhi wakaingia katika vichochoro vyembamba huku wakirushiwa mawe kutoka juu ya madari. Mji ulitekwa, ukaporwa vitambaa, zulia na vyombo vya thamani, kisha ukachomwa.

Baada ya meli kuondoka, Sultani wa Mombasa alimwandikia mwenzake wa Malindi. Barua hiyo imehifadhiwa katika masimulizi ya Wareno wenyewe. Anaeleza kwamba hakubakishwa mwanamume wala mwanamke, mzee wala mtoto mchanga, na kwamba harufu ya maiti ilimzuia kuingia katika mji wake. Kumbuka anamwandikia nani: yule hasimu wake, rafiki wa Wareno. Siwezi kuisoma barua ile bila kuwaza kwamba alikuwa pia akimwonya.

Mombasa ilijengwa upya, ikachomwa tena na Nuno da Cunha mwaka 1528–1529, na ikajengwa tena.

12. Miji mingine ilikuwaje?

Zanzibar ilitozwa kodi mwaka 1503 na Rui Lourenço Ravasco baada ya kuteka vyombo vyake baharini. Barawa ilikataa kujisalimisha ikatekwa na Tristão da Cunha. Waandishi wa Kireno wenyewe wanaeleza kwamba askari waliwakata wanawake mikono ili kupata bangili na pete. Lamu ilikubali kulipa bila vita.

13. Kwa nini miji ya Waswahili haikuungana?

Kwa sababu haikuwa dola moja hata kabla ya Wareno. Kila mji ulikuwa na ukoo wake wa kutawala, bandari yake, na washirika wake wa bara. Ushindani wa Mombasa na Malindi, au wa Pate na Lamu, ulikuwa mambo ya kila siku, na Mreno aliingizwa katika hesabu hizo kama nguvu nyingine ya kutumia. Kuwalaumu masultani wa 1498 kwa kukosa umoja wa kitaifa ni kuwadai kitu ambacho enzi yao haikuwa nacho. Italia na Ujerumani za wakati ule zilikuwa hivyohivyo.

Sababu ya pili ni ya kijeshi. Vyombo vya bahari hii, mitepe na majahazi yaliyoshonwa kwa kamba za kumbi, vilijengwa kwa biashara. Kurusha mizinga mizito kutoka ubavuni halikuwa jambo lililowahi kuhitajika. Wareno wachache waliweza kuusogelea mji wowote, kuupiga na kuondoka. Hawakuweza kuitawala nchi, ila waliweza kuidhibiti bahari kwa muda, na walilazimisha majahazi kubeba hati ya ruhusa iliyoitwa cartaz.

## Maisha ya karne ya 16 na 17

14. Fort Jesus ilijengwa lini, na kwa nini baada ya karibu miaka mia?

Ujenzi ulianza mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano aliyemtumikia mfalme wa Ureno na Hispania. Kilichowasukuma ni hofu ya Waturuki. Nahodha wao, Mir Ali Bey, alikuja kutoka Bahari ya Shamu katikati ya miaka ya 1580 na akarudi mwaka 1588, na miji mingi ikamfurahia, Mombasa ikiwa mbele. Mwaka 1589 kundi kubwa la meli kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India, lilimshinda hapo Mombasa, huku jeshi la Wazimba (tazama swali la 16) likisubiri upande wa bara. Baada ya Mombasa kuvunjika, ukoo wa Malindi ulihamishiwa huko kuutawala mji wa hasimu wake.

15. Yusuf bin Hasan alikuwa nani?

Huyu anastahili kujulikana zaidi kuliko manahodha wote waliotajwa juu. Baba yake, Sultani Hasan wa Malindi na Mombasa, alikorofishana na makapteni wa Kireno, akakimbilia bara, akauawa huko kwa kupangwa nao mwaka 1614. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe mdogo naye akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mt. Augustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akafundishwa ubaharia na vita.

Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kama mfalme Mkristo. Makapteni walimtendea kwa dharau kama walivyomtendea baba yake. Inasemekana alionekana akisali kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu, na kapteni alikuwa anajiandaa kumshtaki. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua Kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudia jina lake na dini yake. Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, waliokataa kusilimu waliuawa. Kanisa Katoliki huwakumbuka kama wafiadini wa Mombasa. Wareno waliizingira ngome mapema 1632 wakashindwa. Yusuf kisha akaondoka kwa meli aliyoiteka na kuwasumbua baharini hadi alipofariki mwaka 1638.

Watu huniuliza kama alikuwa shujaa au muuaji. Aliua wasio na silaha, na hilo nalisema wazi. Pia alikuwa yatima aliyelelewa na waliomuua baba yake. Yote mawili yaandikwe.

16. Watu wa bara walihusika vipi?

Kwa kiasi kikubwa kuliko vitabu vya shule vinavyoonyesha. Mwaka 1589 Wazimba, waliopanda kutoka upande wa Zambezi na kuiangamiza Kilwa njiani, waliingia Mombasa, kisha wakashindwa Malindi na Wasegeju, waliouokoa mji ule pamoja na Wareno waliokuwa humo. Jamii za nyuma ya Mombasa, ambazo Wareno waliziita Musungulos na ambazo leo tunazihusisha na Wamijikenda, ziliuza nafaka kisiwani na zilihitaji kupewa vitambaa ili amani idumu. Ngome ilitawala bandari, lakini chakula kilitoka bara. Kusini zaidi, padri Gonçalo da Silveira aliuawa katika baraza la mfalme wa bara, Mwene Mutapa, mwaka 1561 baada ya kumbatiza mfalme huyo.

17. Je, walifaulu kueneza Ukristo pwani?

Kidogo sana. Francis Xavier alisimama Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda India, na watawa wa Mt. Augustino walikuwa na nyumba Mombasa. Uislamu ulikuwa umekwishaota mizizi kwa karne kadhaa na haukutikisika. Ukristo wa Kenya na Tanzania ya leo chimbuko lake ni wamisionari wa karne ya 19.

18. Ni kweli mahindi na muhogo vililetwa na Wareno?

Ni mimea ya Amerika, na meli za Ureno ndizo zilizounganisha Brazil, Afrika na India, kwa hiyo ndizo zilizoileta Afrika pamoja na nanasi na korosho. Kusambaa kwake mashambani kulichukua muda mrefu na ilikuwa kazi ya wakulima wenyewe. Katika lugha wametuachia meza, bendera, leso, mvinyo, na majina ya karata.

## Mwisho wao, na maswali ya pembeni

19. Waliondolewa vipi?

Waomani waliichukua Muscat kutoka kwa Wareno mwaka 1650, na watu wa Mombasa wakapeleka ujumbe kwa Imamu, mtawala wa Oman, kuomba msaada. Mwaka 1652 Waomani walishambulia Zanzibar. Kuzingirwa kwa Fort Jesus kulianza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, miezi 33. Ndani ya ngome maradhi yaliua wengi kuliko risasi, na kwa muda mrefu walioishikilia ngome walikuwa zaidi Waswahili na Waafrika washirika wa Wareno, wakiwemo watu wa Faza. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wataalamu wa akiolojia waliichunguza chini ya maji katika miaka ya 1970. Waomani walipoingia mwishowe, walikuta watu wachache mno wakiwa hai.

20. Kwa nini basi kichwa cha makala kinasema 1729?

Kwa sababu Wareno walirudi. Utawala wa Oman ulichosha watu haraka, Pate ikaomba msaada wa Wareno, na mwaka 1728 bendera yao ilipanda tena Mombasa. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa waliwafukuza wenyewe. Hesabu zilezile za swali la 13 zilikuwa bado zikifanya kazi miaka 230 baadaye.

21. Je, kuna maandishi ya upande wa Waswahili, au tunategemea Wareno tu?

Yapo, ingawa machache. Tarikhi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inamtaja da Gama kama "al-Mirati", yaani amiri wa meli. Inasema watu wa Malindi waliwapa wageni maji, kuni na chakula, na kwamba wenye kuujua ukweli walithibitisha kuwa hawa ni waharibifu waliokuja kuipeleleza nchi ili waitwae. Huo ndio ushuhuda wa karibu kabisa tulio nao kutoka upande wa pili wa mizinga.

Zipo pia barua za mwaka 1711 zilizoandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu, kwenda kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, na zinahesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani zaidi yanayojulikana. Anayetafuta mada ya utafiti aanzie hapo.

22. Naweza kuona wapi mabaki ya enzi hiyo?

Fort Jesus ni mahali pa kwanza. Iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Ukiingia, tazama juu ya lango maandishi ya Kireno ambamo Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika ngome baada ya Yusuf, anajisifu kuitiisha pwani. Malindi kuna msalaba wa mawe juu ya mnara na kanisa dogo la Wareno. Kilwa Kisiwani, jengo liitwalo Gereza lilijengwa upya na Waomani mahali pa ngome ya Almeida. Kisiwa cha Msumbiji kina ngome ya São Sebastião na, pembeni yake, kanisa dogo la 1522.

Kisiwani Pemba unachezwa mchezo wa ng'ombe, ambao wazee wengi huuhusisha na Wareno. Ukienda msimu wa mchezo, waulize wenyeji wakusimulie wao.